Hilux ya 3L inayokata pumzi mlimani: shajara ya kurudisha nguvu, Kigoma

Pikapu na malalamiko yake

Toyota Hilux ya miaka ya 1990, gia za mkono, injini ya dizeli ya 3L: silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, kipenyo cha silinda 96 mm na mwendo wa pistoni 96 mm, haina turbo. Pampu ni ya kuzunguka, aina ya VE, inaendeshwa na taimingi belti, na nozeli zinapuliza dizeli kwenye chemba ndogo ndani ya silinda hedi. Hakuna kompyuta hapa. Karibu kila kinachoweza kuipunguzia nguvu kinapimika kwa geji, fila (bamba nyembamba za kupima nafasi) na macho ya fundi mvumilivu.

Kazi yake ni kupandisha saruji na bidhaa za duka kutoka mjini hadi Kalinzi, kisha kushuka na kahawa. Ikiwa tupu inakwenda vizuri. Ikibeba tani moja, baada tu ya kuipita Mwandiga na mlima kuanza, inaporomoka kutoka gia ya tatu hadi ya pili, inatoa moshi mweusi, na geji ya joto inaanza kupanda. Asubuhi inawaka kwa shida, inatikisika, na inatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi mpaka ipate joto.

Dalili hizo ni mbili, na kila moja inaweza kuwa na vyanzo kadhaa. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa iliyopo, au inaingia ikiwa matone makubwa yasiyoungua yote. Moshi mweupe wa asubuhi maana yake dizeli imeingia lakini joto la kuiwasha halitoshi: kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) imeshuka, hita plagi (plagi za kupasha joto wakati wa kuwasha) zimekufa, nozeli zinadondosha, au taiming (wakati wa pampu kupuliza dizeli) imechelewa. Ushauri wa haraka utakaoupata kijiweni ni mmoja, "fungua skrubu ya mafuta ya pampu." Katika mradi huu skrubu hiyo, inayoongeza dizeli inayopulizwa, imewekwa mwisho wa orodha, na sababu zinafuata.

Kabla ya kugusa injini

Gari linaweza kukosa nguvu huku injini ikiwa haina kosa. Tulianza kwa kuinua gurudumu moja moja kwa jeki na kulizungusha kwa mkono. La nyuma kulia lilikuwa zito: kebo ya hendibreki ilikuwa imeshika kutu ndani ya ganda lake na breki haikuachia yote. Kebo ilibadilishwa, drami zikasafishwa. Kwa mzigo mlimani, breki inayovuta kidogo tu inakula nguvu nyingi na kupasha joto beringi.

Klachi ilijaribiwa barabarani: gia ya nne, mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda ghafla na mwendo usipande, klachi inateleza. Hii haikuteleza.

Kisha kebo ya mafuta. Injini imezimwa, mtu mmoja anakanyaga kanyagio hadi mwisho, mwingine anatazama mkono wa pampu. Mkono lazima uiguse skrubu ya mwendo wa juu. Hapa ulibakisha pengo la karibu 6 mm. Kebo imenyooka kwa umri, na zulia nene chini ya kanyagio likaongeza tatizo. Tulirekebisha nati za kebo hadi mkono ukagusa, tukiacha ulegevu kidogo ili sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) isipande. Skrubu ya mwendo wa juu yenyewe ina sili ya kiwandani, haiguswi.

Baada ya hapo gari lilivuta zaidi kidogo, lakini moshi mweusi uliongezeka. Matokeo hayo yana faida: pampu inaweza kuleta dizeli ya kutosha, kinachokosekana ni hewa au uchomaji mzuri. Kwa hiyo kuongeza dizeli kungekuwa kuongeza moshi.

Hewa

Elementi ya eya klina ilikuwa imejaa vumbi jekundu hadi mikunjo imeshikana. Tumeweka mpya. Kwa anayelazimika kusafisha ya zamani: pulizia kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, usiigonge ukingo wake chini, halafu weka taa ndani na uizungushe. Ukiona nukta ya mwanga, itupe. Tundu dogo kama sindano linapitisha vumbi safari nzima.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa mpira unaotoka eya klina kwenda manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye silinda). Juu unaonekana mzima. Chini, karibu na klipu, ulikuwa na ufa wa kuingiza ukucha, na ndani yake kulikuwa na vumbi laini kama poda. Kipimo ni rahisi: fungua mpira upande wa manifoldi, pitisha kidole ndani. Kidole kitoke kisafi. Kikitoka chekundu, injini imekuwa ikinywa udongo, na ringi pamoja na kuta za silinda zinasagika. Mpira mpya umefungwa na klipu mbili za skrubu badala ya waya uliokuwapo.

Hapa inafaa kusema habari ya mwinuko, maana mafundi wengi wa mjini wanaisahau. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 91 ya ule wa pwani. Ukipanda hadi mita 1,500 unashuka hadi karibu asilimia 84. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo hiyo pungufu, wakati pampu yake inaendelea kupima dizeli kwa kiasi kile kile. Pampu ikifunguliwa mjini mpaka moshi uanze kuonekana kidogo, huko juu litatoka wingu. Kwa gari la Kalinzi, Manyovu au Kasulu, moshi upimwe juu mlimani, usipimwe gereji.

Dizeli kutoka tanki hadi pampu

Tulikata mjadala kwa dumu. Dumu safi la lita tano lenye dizeli iliyochujwa liliwekwa juu kuliko injini, mpira mmoja ukaenda moja kwa moja kwenye filta, na ritani (mpira unaorudisha dizeli iliyozidi) ikarudishwa kwenye dumu hilo hilo. Injini ikibadilika na kuwa na nguvu, kosa liko kati ya tanki na filta. Ilibadilika kidogo tu. Hivyo kulikuwa na kosa nyuma, na jingine mbele.

Nyuma: kichujio cha ndani ya tanki kilikuwa na utando mweusi, na chini kulikuwa na maji. Tanki limeshushwa, likaoshwa kwa dizeli, likakaushwa. Kifuniko cha tanki pia kipimwe: endesha mpaka gari lianze kukosa nguvu, simama, kifungue. Ukisikia kinavuta hewa kwa nguvu, tundu lake la kupumulia limeziba.

Mbele: tuliweka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu. Injini ikiwa sailensa, viputo vidogo vilipita mfululizo. Chanzo ni pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ngozi yake ya ndani imechoka na inavuta hewa bila kuvuja dizeli nje, ndiyo maana hakuna anayeishuku. Kichwa kizima cha filta kimebadilishwa pamoja na filta. Gari linalowaka kwa shida asubuhi, ambalo ukipampu kwa mkono kwanza linawaka mara moja, anza kutafuta hapo.

Bolti yenye tundu inayoingiza dizeli kwenye pampu ina kichujio kidogo cha wavu ndani. Chetu kilikuwa kimezibwa nusu na nyuzi za filta ya bei rahisi. Na tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha: bolti ya kuingizia na bolti ya ritani zinafanana kwa nje, lakini ya ritani imeandikwa OUT kichwani na tundu lake ni jembamba sana. Tundu hilo ndilo linalolinda mgandamizo wa ndani ya pampu, na mgandamizo huo ndio unaowahisha taiming kadiri mizunguko inavyopanda. Zikibadilishana nafasi, gari litawaka, litakaa sailensa, na halitavuta. Yetu zilikuwa mahali pake.

Pampu ya VE inalainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakifika ndani hakuna kilainishi kingine, vyuma vinasuguana vikavu. Legeza valvu ya chini ya filta na pampu kwa mkono mpaka itoke dizeli safi, hasa kama mafuta yamenunuliwa kwenye madumu.

Kompresheni na tapeti

Kabla ya kupima: betri yenye chaji kamili, injini ya moto, hita plagi zote nne nje, waya wa solenoidi ya kukata dizeli umechomolewa ili pampu isipulize. Geji ni ya dizeli. Ya petroli inaweza kupasuka. Kwa injini hii kiwango kizuri ni 32 kg/cm² au zaidi, kikomo cha chini ni 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5, stata ikizungusha kama mizunguko 250 kwa dakika.

Tulisoma 29, 28, 22 na 29, kuanzia silinda ya kwanza iliyo upande wa belti. Ya tatu iko juu ya kikomo, lakini iko 7 chini ya zile za juu kabisa. Fundi mwenye haraka angesema ringi zimekwisha na kuanza kushusha injini. Tulitia mafuta ya injini kijiko kimoja cha chai kwenye silinda ya tatu na kupima tena. Haikupanda kwa maana. Usizidishe kijiko hicho. Chemba ya dizeli ni ndogo, mafuta mengi yanajaza nafasi na kukupa namba nzuri ya uongo, au yanapinda fito ya pistoni. Kwa kuwa mafuta hayo huziba ringi kwa muda na namba haikupanda, macho yalielekea kwenye valvu.

Kifuniko cha valvu kilifunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa, usiku mzima. Vipimo vya baridi ni 0.20 hadi 0.30 mm kwa valvu ya kuingiza na 0.40 hadi 0.50 mm kwa ya kutolea. Zungusha krankshafti hadi silinda ya kwanza iwe juu kwenye kompresheni, kamu zake zote mbili zikiwa zimeachia. Hapo unapima valvu za kuingiza za silinda 1 na 2, na za kutolea za 1 na 3. Zungusha mzunguko mmoja kamili, upime za kuingiza za 3 na 4, na za kutolea za 2 na 4. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Valvu ya kutolea ya silinda ya tatu ilisoma 0.15 mm. Hiyo ni ya baridi. Ikipata moto na kurefuka, nafasi inaisha na valvu inabaki haijakaa vizuri kwenye kiti chake. Kompresheni inavuja, na valvu inakosa nafasi ya kumwaga joto lake kwenye kiti, mwisho inaungua ukingo. Jambo la kukumbuka ni kwamba valvu ikila kiti chake nafasi hupungua, haiongezeki. Tapeti inayogonga inasikika na watu wanaikimbilia. Iliyobana haina kelele yoyote, na ndiyo yenye hasara kubwa.

Marekebisho ni kwa shimu (kisahani cha chuma chenye unene maalumu) iliyo juu ya tapeti. Hesabu yake: unene wa shimu uliyotoa, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayotaka. Shimu iliyokuwapo ilipimwa kwa maikromita, 2.80 mm. Nafasi iliyopimwa 0.15, inayotakiwa 0.45. Kwa hiyo 2.80 + 0.15 − 0.45 = 2.50 mm. Shimu zinapatikana kwa hatua za 0.05 mm. Usiamini namba iliyochapwa juu yake ikiwa imetumika, pima. Valvu nyingine mbili zilikuwa ukingoni mwa kipimo nazo zikarekebishwa, moja kwa kuhamisha shimu ya jirani yake.

Injini iliendeshwa mpaka ikapata joto, ikapimwa upya: 29, 28, 26, 29. Tofauti ni 3. Ringi zimesamehewa. Hita plagi mbili hazikupitisha umeme kabisa kwenye mita; zimebadilishwa zote nne. Anayezoea kuzijaribu moja kwa moja kwenye betri asome kwanza volti zilizochapwa ubavuni, kwa sababu Toyota ilitumia pia zenye volti ndogo, na hizo kwa volti 12 zinakatika mbele ya macho yako.

Nozeli

Injini ikiwa sailensa, legeza nati ya paipu ya nozeli moja moja kwa spana ya 17, kisha ikaze. Silinda isiyo na kosa ikikatiwa dizeli, injini inayumba na sauti inabadilika. Ya pili na ya tatu hazikuleta mabadiliko makubwa. Weka kitambaa juu ya nati na usisogeze mkono mbele ya dizeli inayoruka. Kwa mgandamizo huo inapenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni tundu dogo.

Nozeli zote zilitolewa kwa soketi ndefu ya 27 na kupelekwa kwenye mashine ya mkono. Tunatafuta mambo matatu. Zote nne zifunguke kwa mgandamizo unaolingana. Upulizaji uwe ukungu mkavu ulionyooka, wenye mlio wa kukwaruza. Na mgandamizo ukishikiliwa 10 hadi 20 kg/cm² chini ya ule wa kufungukia, ncha isidondoshe kwa sekunde 10. Ya pili ilidondosha mara moja. Ya tatu ilipuliza ubavuni, mkondo mmoja mnene. Hizo ndizo matone makubwa: moshi mweusi ukiwa na mzigo, mweupe asubuhi, na mgongano mkali wa sauti.

Ncha nne mpya zimefungwa, si mbili. Mchanganyiko wa ncha za umri tofauti unaleta mtikisiko usioisha. Mgandamizo ulisawazishwa kwa shimu za ndani ya nozeli. Wakati wa kurudisha, washa (ringi bapa ya kuziba) ya chini ya kila nozeli iwe mpya, na ya zamani ihakikishwe imetoka. Mara nyingi inabaki imenata chini ya shimo, mbili zinakaa pamoja, na nozeli haikai kimo chake. Kukaza ni 64 Nm. Paipu za ritani zinafungwa na washa mpya pia, la sivyo zitalowesha silinda hedi.

Taiming

Alama za taimingi belti zilitazamwa kwanza, kwa sababu jino moja likiruka hakuna marekebisho ya pampu yatakayofaa. Zililingana. Kisha kizibo cha katikati nyuma ya pampu kilitolewa, tukafunga daili geji, tukarudisha krankshafti nyuzi 25 hadi 30 kabla ya juu, tukaweka sindano kwenye sifuri, tukazungusha taratibu hadi alama ya juu na kusoma mwendo wa plunja (pistoni ndogo ya ndani ya pampu). Namba ya kulinganisha ichukuliwe kwenye kitabu cha injini husika. Injini za 2L, 2L-T na 3L zinafanana sura tu. Kama pampu ina mkono wa kuwashia baridi, lazima kwanza uzuiwe usiwahishe, vinginevyo unapima kitu kingine.

Yetu ilikuwa chini ya kipimo, yaani imechelewa. Nati mbili za pampu, bolti ya nyuma na nati za paipu zinalegezwa, pampu inalazwa kuelekea injini ili kuwahisha, au mbali nayo ili kuchelewesha. Ilisogea kwa unene wa alama ya msumari, na hiyo ilitosha. Kuwahisha kupita kiasi kwa kufuata sauti ya "kugonga vizuri" kunapandisha mgandamizo na joto ndani ya silinda, na silinda hedi za familia hii ya injini zina sifa mbaya ya kupasuka kati ya valvu.

Skrubu ya mafuta

Haikuguswa, na sili yake ipo. Baada ya hewa, tapeti, nozeli na taiming, hakukuwa na cha kuitakia. Kuifungua kwenye injini isiyo na turbo kunapandisha joto la moshi kabla ya kuongeza nguvu ya maana, na pasipo geji ya joto hilo fundi anafanya kazi gizani. Kwa pikapu inayopanda na tani moja, gharama yake inakuja kuonekana kwenye silinda hedi.

Mlimani

Mzigo ule ule wa saruji, Mwandiga kwenda Kalinzi. Gia ya tatu inashika kwenye miinuko mirefu, ya pili inahitajika kwenye kona kali tu. Karibu na juu moshi ni wa kijivu hafifu ukikanyaga yote, unapotea ukipunguza kanyagio kidogo. Geji ya joto haikuvuka katikati. Radieta ilikwisha kuoshwa nje kwa maji kutoka upande wa injini, na feni ilijaribiwa kwa mkono injini ikiwa ya moto na imezimwa: ikizunguka huru kama tiara, mafuta ya ndani ya klachi yake yamekwisha. Asubuhi inawaka kwa mara moja, sailensa mizunguko 700, haitikisiki.

Yaliyobaki kwenye karatasi ya kazi: valvu ya kutolea ya silinda ya tatu ipimwe tena baada ya kilomita 5,000. Ikiwa imebana tena, kiti chake kinaliwa na silinda hedi itashushwa kwa ajili ya viti, pamoja na kupimwa nyufa. Historia ya taimingi belti haijulikani, na ikikatika kwenye 3L valvu na pistoni zinakutana, kwa hiyo belti na beringi yake ya kukazia vimeagizwa Dar es Salaam, na vitafungwa kabla msimu wa kahawa haujaanza. Elementi ya eya klina ifunguliwe kila wiki wakati wa kiangazi.